Moyo wa Kijana Unapimwaje? Mfano wa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu Korea



Katika kuzungukia vikundi kuna swali moja ambalo tumeulizwa mara nyingi, hasa na kina mama. Mtoto mchanga tunajua kumpima. Anatundikwa kwenye mizani pale kliniki, kilo zinaandikwa kwenye kadi, na mstari ukishuka hata asiyejua kusoma anaona. Lakini kijana mkubwa je? Kikundi kimechanga, karo imelipwa, ameenda chuo, halafu anarudi likizo amenyamaza tu. Chakula anakigusagusa. Usiku halali, mchana hataki kuamka. Huyo atapimwa kwa mizani gani? Mmoja atasema ni uvivu, mwingine atasema ni kiburi cha masomo, na huko nyuma ya nyumba kuna wanaonong'ona kwamba amerogwa.

Kupima mambo ya moyoni kunawezekana, na watu wamefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Lakini ni kipimo chenye hila zake. Ili tukielewe vizuri tumeona tuende mbali kidogo, hadi Korea Kusini. Wakorea walichukua vipimo vilivyotengenezwa Marekani, wakawapima navyo watu wao, wakagundua kwamba mahali fulani mizani inadanganya, wakaanza kuirekebisha. Kazi hiyo ya kurekebisha ndiyo tunayotaka muisikie.

KIJANA ANAYEFIKA CHUONI MWEZI WA MACHI

Kwanza tumjue huyo anayepimwa. Korea ilitoka kwenye vita vya mwaka 1950 hadi 1953 ikiwa nchi maskini iliyobomolewa, na wazazi wakaona njia ya kutoka ni shule. Siku hizi kati ya vijana kumi wanaomaliza sekondari, kama saba hivi huendelea na masomo ya chuo. Mlango wenyewe, kwa wengi, ni mtihani mmoja wa siku moja mwezi wa Novemba, unaoitwa Suneung, ulioanza mwaka 1993. Mtihani unaanza saa mbili na dakika arobaini asubuhi na unaweza kuendelea hadi karibu saa kumi na mbili jioni. Siku hiyo ofisi hufunguliwa kwa kuchelewa ili barabara ziwe wazi. Polisi huwabeba waliochelewa. Wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza ndege haziruki wala kutua kwa muda wa kama nusu saa, ati kelele isimharibie mtoto wa mtu. Wazazi wanajaa makanisani na kwenye mahekalu ya Kibudha, wakiomba.

Kabla ya siku hiyo kijana amesoma shule mchana, na jioni amesoma tena kwenye shule za kulipia ziitwazo hagwon. Mjini Seoul ilibidi serikali iweke amri kwamba shule hizo zifungwe saa nne usiku. Asiyepata chuo alichokitaka anaweza kukaa mwaka mzima akirudia mtihani, na huyo ana jina lake la pekee, jaesusaeng.

Basi masomo ya chuo yanaanza Machi, na ghafla hakuna kengele. Hakuna mtu anayemwamsha, hakuna anayemwambia soma hiki acha kile. Maisha yote alikuwa na lengo moja, kuingia chuo, na sasa ameingia. Halafu? Kama ametoka mikoani na kwenda Seoul, huenda amepanga chumba cha gosiwon, ambacho ni kitanda na meza na nafasi ya kugeuka, basi. Upande wa pili wa ukuta kuna mtu ambaye hajui hata jina lake.

Kuna na jambo la umri. Katika lugha ya Kikorea huwezi kusema na mtu kabla ya kujua nani mkubwa, kwa maana maneno yenyewe yanabadilika kulingana na heshima. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza humnyenyekea wa mwaka wa pili. Sasa yule aliyerudia mtihani ana mwaka mmoja zaidi ya wenzake darasani, na huenda ni rika moja na wale wa mwaka wa pili wanaotaka awaamkie kama wakubwa. Nafasi yake haieleweki, na akikaa kimya pembeni watu wanadhani anajivuna.

Wavulana wana jingine. Sheria inawataka waende jeshini, na katika jeshi la nchi kavu muda wake kwa sasa ni miezi 18. Wengi huondoka baada ya mwaka wa kwanza au wa pili. Anaporudi, wale aliowaacha wameshasonga mbele, na yeye anaketi na watoto asiowajua.

Kwa hiyo tunaposema kijana ana taabu ya kuzoea chuo, taabu hiyo haina sura moja. Mmoja anashinda masomo lakini hana rafiki hata mmoja. Mwingine ana marafiki tele ila tumbo linamuuma kila asubuhi na daktari haoni kitu. Mwingine hajui hata kwa nini yuko pale, alikwenda kwa sababu baba alitaka.

Na kwa nini wapimwe? Kwa sababu wengine wanakufa. Hatupendi kuandika habari hizi lakini kuzificha hakusaidii. Korea imekuwa na idadi ya watu wanaojitoa uhai iliyo juu kuliko karibu nchi zote wanachama wa shirika la uchumi la OECD, karibu kila mwaka tangu 2003, na kwa vijana hicho ndicho chanzo cha kwanza cha vifo. Mwaka 2011, kati ya Januari na Aprili, wanafunzi wanne wa chuo cha sayansi na teknolojia cha KAIST mjini Daejeon walijitoa uhai. Chuo hicho kilikuwa na utaratibu ulioanza mwaka 2007, kwamba mwanafunzi akishuka chini ya alama 3.0 analipishwa karo kadiri alivyoshuka, wakati wenzake wanasoma bure. Hakuna awezaye kusema jambo moja tu ndilo lililowaua vijana wale, na mwenye kusema hivyo anarahisisha. Lakini nchi nzima ilibishana juu ya karo ile, na mwaka huo huo ikaondolewa. Sisi tuliposoma habari hiyo tuliona ajabu moja: alama za masomo zilipimwa hadi nukta baada ya nukta, na uchovu wa moyo hauonekani kwenye karatasi ya matokeo.

FOMU YENYEWE IKOJE

Kipimo cha moyo si mashine. Ni karatasi ya maswali tu. Lakini si maswali ya kuokotwa njiani.

Fomu moja inayotumika sana duniani kwa jambo hili ilitungwa Marekani na Robert Baker na Bohdan Siryk wa chuo cha Clark. Waliitoa mwaka 1984, na ile ya mwaka 1989 ina sentensi 67. Jina lake kwa kifupi ni SACQ. Mwanafunzi anasoma sentensi, kwa mfano ya kusema kwamba amepata watu wa kuzoeana nao hapa chuoni, na anachagua namba kati ya 1 na 9 kuonyesha inavyomhusu. Maswali yamegawanyika mafungu manne: masomo, maisha na wenzake, hali ya moyo na mwili, na jinsi anavyojiona ni mtu wa chuo hicho. Ndiyo sababu tulianza kwa kueleza sura mbalimbali za taabu. Jumla peke yake ingewachanganya wote katika gunia moja, lakini mafungu yanaonyesha kama ni kitabu kinachomshinda au ni upweke.

Angalieni ujanja mmoja. Sentensi nyingine zinasema mazuri na nyingine zinasema mabaya, zimechanganywa. Zile mbaya zikifika kwenye hesabu zinageuzwa, yaani 9 inakuwa 1. Kwa nini wajisumbue hivyo? Kwa sababu kuna mtu atakayeshuka na kalamu akiweka alama ile ile kutoka juu hadi chini bila kusoma, akawahi chakula. Huyo atajikuta amesema ana marafiki wengi na pia hana rafiki yeyote, na atajulikana.

Fomu ya pili ni tofauti. Haiulizi habari za chuo hata kidogo, inauliza huzuni. Inaitwa CES-D na ilichapishwa na Lenore Radloff mwaka 1977. Ina maswali 20 kuhusu wiki iliyopita tu: ulilala vizuri, ulikuwa na hamu ya chakula, ulilia, ulijihisi peke yako. Kila jibu lina alama kutoka 0 hadi 3, kwa hiyo jumla yaweza kufika 60. Huko Marekani ilionekana kwamba mtu akifika 16 afaa kuangaliwa zaidi. Iwekeni namba hiyo akilini, tutairudia.

MIZANI NZURI NI IPI

Wacha tuje kwenye mizani ya sokoni. Ukiweka kuku yule yule mara tatu na mara zote ikasema kilo mbili, hiyo ni mizani isiyoyumba. Lakini yawezekana mwenye duka ameichezea, kila mara inaongeza nusu kilo. Haiyumbi, na bado ni ya uongo! Mambo mawili hayo ni tofauti, na kipimo cha moyo lazima kipite yote mawili.

La kutoyumba wanalijua kwa kumpa mwanafunzi fomu leo, na tena baada ya wiki mbili hivi, kama maisha yake hayajabadilika. Pia wanaangalia kama maswali yanakubaliana yenyewe kwa yenyewe. Kuna hesabu iliyoandikwa na Lee Cronbach mwaka 1951, ambayo kwa kawaida inatoa namba kati ya 0 na 1, na wengi hutaka ifike angalau 0.7. Namba ikiwa ndogo, maana yake maswali yanavutana kama ng'ombe wawili wa plau ambao kila mmoja anataka njia yake.

La ukweli ni gumu zaidi. Ni lazima daktari au mshauri aliyefunzwa aketi na wanafunzi, mmoja mmoja, bila kuiona fomu, aseme kwa maoni yake nani ana shida na nani hana. Ndipo karatasi na daktari vinalinganishwa. Kazi hii ni ya muda na gharama, na ndiyo inayorukwa na wenye haraka. Wanatafsiri fomu ya kigeni, wanapiga chapa, wanagawa, wanatangaza asilimia. Asilimia hizo hatuzitii maanani sana, na tungewaomba msizitie maanani nanyi.

MANENO YANAPOVUKA BAHARI

Hapa ndipo Korea inapotufundisha.

Tafsiri ya kawaida haitoshi. Njia inayopendekezwa, na iliyoelezwa vizuri na Richard Brislin mwaka 1970, ni hii: mtu wa kwanza anatoa maneno kwenye Kiingereza kuyapeleka Kikorea. Mtu wa pili, asiyeiona ile ya kwanza, anayarudisha kwenye Kiingereza. Kisha wanalinganisha. Pale yaliporudi na sura nyingine, hapo tafsiri imekwama. Fomu ile ya CES-D ina swali moja linalotumia msemo wa Kimarekani ambao ndani yake huzuni inaitwa rangi ya buluu. Tafsiri neno kwa neno, na mwanafunzi wa Seoul atashangaa anaulizwa habari za rangi.

Wakorea wana maneno yao. Aliyeumizwa moyo husema sok sanghada, yaani ndani yake kumeharibika. Aliyebanwa na mambo husema dapdaphada, kifua kimeziba, hewa haipiti. Mwenye huzuni kali mara nyingi huenda hospitali kulalamika kichwa au tumbo. Kwa mtu wa namna hii, ukimwuliza kama alikuwa na huzuni wiki hii atasema la, hata kidogo. Mwulize kama kifua kimemziba, atasema ndiyo, kila siku. Kwa kina mama wa makamo kuna hata ugonjwa wenye jina, hwabyung, maana yake ugonjwa wa moto: hasira iliyomezwa miaka na miaka, sasa inawaka kifuani. Madaktari wa Marekani waliuandika kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili toleo la mwaka 1994, kati ya magonjwa yanayofuata mila za watu. Wanafunzi wetu wa chuo ni watoto wa kina mama hao, na lugha ya maumivu wamejifunzia nyumbani.

Lakini kosa kubwa halikuwa kwenye maneno magumu. Kumbe lilikuwa kwenye yale rahisi kabisa!

Katika maswali 20 ya CES-D, manne yanauliza mazuri: kama ulijiona mzuri sawa na wenzako, kama ulikuwa na matumaini juu ya mbele, kama ulikuwa na furaha, kama uliyafurahia maisha. Mmarekani mzima anajibu ndiyo bila kufikiri. Mkorea amelelewa asijisifu. Kusema mimi ni mzuri sawa na wengine ni kukosa adabu, na kusema nina furaha tele ni kama kujitangaza. Basi anaweka alama ya "mara chache" au "hapana kabisa", naye ni mzima wa afya. Na kwa kuwa maswali haya yanageuzwa kwenye hesabu, kila "hapana kabisa" inampa alama 3. Tufanye hesabu: manne mara 3 ni 12. Amefika 12 kwa sababu ya adabu tu! Akiongeza siku kadhaa za kukosa usingizi na hamu ya chakula kwa ajili ya mtihani, anaweza kufika 16, na karatasi inasema mwangalieni huyu.

Miaka ya 1990 watafiti wa Korea waliliona jambo hili walipowalinganisha watu na maoni ya madaktari. Hawakuitupa fomu. Walipandisha mstari: 21 kwa anayefaa kuangaliwa, na 25 kwa yule ambaye karibu kwa hakika ni mgonjwa. Fikirini tofauti hiyo ya alama tano, kutoka 16 hadi 21. Kwenye chuo chenye maelfu ya wanafunzi, ni vijana wengi wangeitwa wagonjwa kwa kosa la unyenyekevu.

Kuna na madogo. Fomu ya SACQ inagusa maisha ya bwenini, kwa vile Mmarekani anayeenda chuo mara nyingi analala huko. Mjini Seoul wengi wanalala kwao, wanapanda treni asubuhi na kurudi jioni kwa mama. Swali la bweni wanalijibuje? Na imeonekana pia kwamba watu wa Asia ya Mashariki huelekea kuchagua namba za katikati, hawapendi kufika mwisho wa mstari. Ukimpa namba 1 hadi 9, anakwenda kwenye 5. Si kwamba hana la kusema. Amefundishwa kutoonekana sana.

KUOGOPA KARATASI

Kuna vyuo vinavyowaalika wanafunzi wapya kujaza fomu za namna hii mwanzoni mwa mwaka. Ni jambo jema, lakini hebu jiweke mahali pa kijana. Umepewa karatasi ina jina lako na namba yako. Inauliza kama umewahi kutamani kufa. Itasomwa na nani? Itawekwa wapi? Je, siku ya kutafuta kazi itatokea mezani? Korea, kama kwingi, mtu akijulikana alitibiwa mawazo watu humwangalia kwa jicho la upande. Basi kijana anajibu kama anavyodhani chuo kinataka ajibu.

Watungaji wa fomu wanalijua hili. Fomu ya zamani na maarufu ya MMPI, iliyotoka Minnesota huko Marekani mwaka 1943 na kupata toleo la Kikorea mwaka 1963, ina maswali yaliyowekwa makusudi kumnasa anayejipaka rangi. Linauliza, mathalani, mambo madogo mabaya ambayo kila binadamu amewahi kufanya. Anayekana yote, hata kukasirika mara moja, anajitambulisha. Toleo jipya la pili lilitolewa kwa Kikorea mwaka 2005. Sisi shida yetu na fomu hiyo ni urefu. Maswali yake yanapita 500! Mtu mzima atachoka, sembuse aliye na moyo mzito. Dawa ya woga, kwa maoni yetu, si mtego zaidi. Dawa ni kumwambia kijana kabla hajashika kalamu nani ataisoma, itafungiwa wapi, na kwamba mwalimu wake wa darasa hataiona; na kisha kulitimiza neno hilo. Mahali ambapo neno halitimizwi, mwaka unaofuata fomu zote zitarudi safi, na watu wataandika kwenye ripoti kwamba wanafunzi wetu hawana shida.

CHEKECHE HALIJUI JINA LA MTU

Sasa tufike kwenye jambo linalowachanganya hata waliosoma. Fomu inafanya kazi ya chekeche. Inatenga wa kuangaliwa na wa kuachwa. Haitoi jina la ugonjwa.

Tuchukue mfano wa kubuni, namba za kufanyia hesabu tu. Tuseme chuo kina wanafunzi 1,000, na kwa kweli 100 kati yao ni wagonjwa wa huzuni, 900 ni wazima. Tuseme fomu ni nzuri: kati ya wagonjwa 100 inawashika 80, na kati ya wazima 900 inawakosea 180 tu. Watakaoitwa ofisini ni 80 na 180, jumla 260. Kati ya hao, wagonjwa wa kweli hawafiki hata theluthi. Zaidi ya nusu wameitwa bure! Na nje huko, wakitembea na tabasamu, wako 20 ambao chekeche limewapitisha.

Unaweza kubana matundu, uongeze alama ya kuitwa, kama Wakorea walivyofanya kutoka 16 hadi 21. Wanaoitwa bure watapungua. Lakini wale 20 wanaopita nao wanaweza kuwa 30. Ukilegeza, kinyume chake. Hakuna tundu lililo sawa kwa wote, na anayeamua tundu liwe kiasi gani anaamua pia nani atasumbuliwa na nani atasahaulika. Ndiyo maana mstari huo hauwezi kuchukuliwa tu kutoka kitabu cha nchi nyingine.

Kwa hiyo aliyeitwa asiambiwe "wewe ni mgonjwa". Anaambiwa njoo tuongee. Mshauri mzuri anafungua fungu baada ya fungu: masomo yako sawa, wenzako sawa, lakini hapa kwa mwili na usingizi naona palishuka, hebu niambie. Mara nyingine inatokea kwamba kijana hana ugonjwa wowote wa akili. Ana deni, au chumba chake hakina dirisha, au hajui amwamkieje mwenzake. Hayo yana dawa zake, na si vidonge.

FOMU ILIYO KARIBU NASI

Kuna fomu fupi ambayo baadhi yenu huenda mmeiona hospitalini. Inaitwa PHQ-9, ilitolewa Marekani mwaka 2001, ina maswali 9 tu kuhusu wiki mbili zilizopita, na jumla yake ni kutoka 0 hadi 27. Kwa kawaida 10 ndiyo alama ya kuangaliwa zaidi. Iko kwa Kiswahili, na imechunguzwa hapa kwetu, magharibi mwa Kenya, kati ya watu wanaoishi na virusi vya ukimwi, katika utafiti uliotoka mwaka 2009. Yale yote tuliyoyasema ya Korea yanaihusu. Je, mama wa kijijini anasema "nina huzuni", au anasema "mawazo yananizidi", "moyo unanipiga", "mwili hauna nguvu"? Kikundi kikitembelewa na watu wa afya wenye fomu kama hii, waulizeni bila kuogopa: mlipima kwa lugha gani, na mstari wa alama mliutoa wapi? Ni haki yenu kuuliza, na mtaalamu anayeijua kazi yake atafurahi.

Jambo moja tu kwenye fomu hiyo halifuati hesabu ya jumla. Swali la tisa linauliza kama mtu amekuwa na mawazo kwamba afadhali afe, au ajidhuru. Wengi huogopa kuliuliza, wakidhani watampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Uchunguzi haujaonyesha hivyo. Mara nyingi aliyeulizwa kwa upole hupumua, maana amepata wa kumwambia. Jumla ya kijana inaweza kuwa 5 tu, mbali kabisa na 10. Lakini kama kwenye swali la tisa ameweka chochote kisicho sifuri, haachwi peke yake. Mtu anaketi naye siku hiyo hiyo, na wanakwenda pamoja kwenye kituo cha afya bila kungoja mkutano wa wiki ijayo.